Choo Kimekwisha, Bado Anachimba

Kaka,

Hatujambo, na kuku wa mama ameamua kutagia kwenye kiatu chako. Mdogo wetu, mchimba vyoo, alishamaliza choo chetu lakini bado anachimba. Hali chakula, halali usiku, anaongea na udongo. Majirani wanamsifu: "Huyo ndiye kijana, siyo haya magoigoi yetu!" Wahudumu wa afya ya akili walipopita na kipaza sauti wakiuliza nani ana mgonjwa, mama aliwajibu, "Hapa hakuna kichaa, labda ninyi mnaomtisha kuku wangu." Tulicheka.

Jana aliniita kutoka shimoni, kwa upole: "Dada, vuta ngazi. Siihitaji tena."

Sikuivuta. Mama anakusikiliza wewe tu. Njoo umwambie amruhusu nesi wa wale wahudumu aingie. Naandika nimeikumbatia ngazi, na sururu bado inagonga huko chini. Ikinyamaza, nashuka.

Mdogo wako,
mlinzi wa ngazi