Binti Mfalme Aliyekimbiwa na Herufi

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Na lile jambo ambalo hatukulimaliza pale mlangoni, shemeji anapiga honi na wewe unatafuta kiatu: ile kadi ya pongezi mliyotuletea harusini kwetu! Lakini kwanza, hamjambo? Mgongo wako? Shemeji na duka lake? Sisi wazima, tena wazima wa kuchekwa. Mume wangu (kila nikiandika neno hili kalamu inateleza kwa furaha) ametutengenezea kochi la watu wawili kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, kila mto na rangi yake. Jioni tunakaa hapo kama picha ya kalenda. Jana alinitoa uzi kwenye nywele, akaupuliza kama mshumaa wa keki. Haya, najua unabetua midomo.

Kadi. Binti yako, Chiriku wetu, alisimama mbele ya wageni akasoma: "Nawaombea nyumba yenye dirisha kubwa, na mkigombana, mgombane kwa sauti ndogo." Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Lakini ndani ya kadi, dada, yalikuwemo maneno matatu tu: Tunawatakia maisha mema. Nilikuona ulivyomfinya. Mume wangu naye alikuwa akiyatazama macho ya mtoto. Hayakusogea. Akaniambia, "Huyu ni mwenzangu. Mimi shuleni nilikuwa nakariri, nabuni, na zamu yangu ya kusoma ikikaribia naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Ndiyo, dada. Fundi wangu wa makochi, ambaye mkasi wake haukosei, alisoma gazeti lake la kwanza akiwa na ndevu. Sasa amemtungia Chiriku hadithi huku anagongea misumari, nami nimeinakili kwa mwandiko wangu ule wa mikia mirefu, na maua pembeni, nikabana mistari ili itoshe karatasi moja. Imo humu. Mpe mwenyewe asome, asisaidiwe na mtu. Hadithi tamu itamvuta tu!

Akupendaye,
Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima wa mwili. Mgongo vilevile.

Hadithi yako ilifika baba yake Chiriku akiwa sebuleni. Akasema, "Vizuri, simama utusomee." Mtoto akaigeuza karatasi. Akasema maua ni mazuri.

"Sikukuuliza maua."

Basi akaanza kubuni, kitu cha samaki mwenye miwani. Baba akamnyang'anya karatasi, akatafuta samaki, hakumwona. "Kumbe na mwongo pia!" Tangu hapo Chiriku hatoi sauti. Ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa.

Mwalimu wake alishatuambia kwamba hana juhudi. Sasa shemeji yako amekata shauri: muhula ukiisha mtoto harudi shule, atakaa dukani kufunga sukari. Nimembembeleza, hasikii.

Mwambie fundi wako ashughulike na makochi. Tena yeye simlaumu, nakulaumu wewe. Uliambiwa mtoto hawezi kusoma, ukamwandikia mikia.

Dada yako


29 Machi

Dada yangu,

Nakusalimu kichwa chini. Chiriku anakula? Analala vizuri?

Nilimsomea mume wangu barua yako. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Aliomba nimwandikie mstari mmoja kama nilivyomwandikia mtoto, akautazama kama kitambaa kilichotafunwa na panya. "Mke wangu, huu ni msitu. Hata mimi leo ningepotelea humu." Kisha akasema hadithi yake ni ya masikio. Kwa hiyo nakusihi, isome wewe, kwa sauti yako, mtoto akiwa amekuegemea. Na baba yake akiwepo, asifukuzwe. Nimeiandika upya hapa chini, bila mikia.

Palikuwa na jumba la mfalme ambalo milango yake ilimfungukia yeyote aliyesoma neno lililochongwa juu yake. Watoto wote wa jumba waliingia na kutoka. Binti mfalme peke yake alibaki ukumbini, maana kila akiinua macho, herufi zilishuka mlangoni zikakimbia kama vifaranga. Mfalme akasema, "Huyu ni mvivu. Mpigieni tarumbeta aamke!" Tarumbeta zikalia, vifaranga vikatawanyika zaidi. Binti akajifunza kupitia madirishani, akawa hodari wa madirisha, na watu wakadhani anacheza. Siku moja, kwa hasira, akaupiga mlango kiganja. Herufi nyingi zikafichika chini ya mkono wake, ikabaki moja pembeni, inatetemeka. Loo! Kumbe haikuwa inamkimbia yeye. Ilikuwa inaogopa tarumbeta. Akaipapasa mgongo, akaipapasa tumbo, akaiita kwa sauti yake. Ikatulia. Akafunua nyingine. Mpaka jioni mlango ulikuwa umefunguka kiasi cha kupita paka. Ndipo mfalme akatokea, akamkuta bintiye amekumbatia mlango.

Hapo mume wangu amekoma. Nikamuuliza, "Na mfalme akafanya nini?" Akanijibu, "Mimi si mfalme, nitajuaje?"

Mwalimu aliyemfundisha mume wangu ukubwani alimwambia hali hii inaitwa disleksia. Si ugonjwa, dada, wala si ujinga, na uvivu haumo kabisa. Ubongo unayapokea maandishi kwa namna yake, na mtu hufundishwa kwa namna hiyo: polepole, sauti moja kwa wakati, kwa kugusa. Mwambie shemeji.

Mdogo wako, mwenye aibu


2 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo, wewe na kochi lenu? Nimekawia kwa sababu sikujua nikuandikie nini.

Nilimsomea. Siku ya kwanza kimya. Kesho yake akaja mwenyewe na karatasi, akaniwekea mapajani. Nikasoma. Nilipomaliza akasema, "Mama, baba mdogo amejuaje?" Maneno ya kwanza tangu siku ile. Nilikwenda jikoni nikajitia kukata kitunguu.

Basi ikawa kila jioni, na shemeji yako kwenye kiti chake anajifanya anapiga hesabu. Jumapili akashindwa kuvumilia. "Sasa huyo mfalme akafanya nini?"

"Haijaandikwa," nikamwambia.

"Alipiga tarumbeta tena," akasema Chiriku.

"Kwa nini?"

"Ndiyo kitu anachojua."

Unamjua shemeji yako, hata akikukanyaga hasemi pole. Lakini alishuka sakafuni na goti lake bovu. "Labda aliuliza. Labda alisema, hizo herufi zinakimbiaje? Hebu nionyeshe."

Mdogo wangu, mtoto alisimama akamwonyesha! Hii inarukia mgongo wa ile. Hizi mbili zinabadilishana mahali ukipepesa jicho. Mstari wa juu unamwagikia wa chini. Alikimbia sebule nzima, akapindua kigoda, akamaliza anahema.

Baba yake akamuuliza, "Yote hayo? Kila siku?"

"Kila siku."

"Na bado ulikuwa unakwenda shule," akasema.

Asubuhi alifunga duka, akavaa lile shati alilovaa harusini kwako, akaenda kwa mwalimu. Mwalimu alikiri hajawahi kumfundisha mtoto wa namna hii, lakini yuko tayari kujaribu. Mambo ya kufunga sukari yamekwisha. Ila hatujui tuanzie wapi, na mtoto anasema atamsikiliza baba mdogo tu.

Dada yako


9 Mei

Dada, dada, dada!

Wote hamjambo? Mbusu Chiriku mashavu yote mawili! Barua yako mume wangu alikataa nimsomee, akaisoma mwenyewe, chai ikapoa kabisa. Alipofika kwenye neno la shemeji kuhusu shule, aliweka karatasi chini akatazama dirishani. "Mimi hakuna aliyeniambia hivyo," akasema. Nikamshika mkono, kisha nikampashia chai yake.

Sasa anakata herufi za mahameli na za turubai, kubwa kama kiganja, ili vidole vya Chiriku vione tofauti. Kochi la mteja limesimama halina mgongo, mteja analalamika, yeye anapiga mluzi. Mwambie mtoto asianze na mtu mwingine, na shemeji asikimbilie dukani tukifika, naye atakaa darasani sakafuni pamoja nasi. Tunakuja wawili, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako