Wazo la Jua Nililomwambia Tomas

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Mahindi ya huko Mpui mmeshauza? Kaka aliniandikia kwamba siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori hadi mlangoni.

Uliniuliza ninasoma nini hasa kuhusu jua. Jua nalo huzunguka, Mama, ila si kama gurudumu. Halina ugumu, kwa hiyo katikati, pale kiunoni pake, hukimbia, na kwenye ncha za juu na chini hujivuta. Tena lina nguvu ya sumaku, ambayo kwa miaka hupanda, kisha hushuka. Ikipanda, uso wa jua hujaa madoa meusi. Nilipolinganisha picha za miaka mingi, niliona kwamba madoa yakizidi, mzunguko wa katikati hupungua kasi kidogo. Yakipungua, jua hukimbia tena. Ni kama sumaku inalishika mkono.

Nilimweleza Tomas, mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa nchi hii, tuliyepanga naye nyumba, siku niliyokuwa namkorogea uji alipougua. Mwalimu wetu pia nilimweleza. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa chuo, Tomas alisimama akayasema yote kama yake. Nikanyoosha mkono.

"Tomas, wazo hili ulilipata wapi?"

"Lilinijia tu nikiwa jikoni," alijibu bila kunitazama.

Mwalimu alikuwa ameketi mbele. Alijua. Akapiga makofi.

Nilimfuata ofisini. Hakukana. Alisema kwa upole, "Wewe utarudi kwenu. Kazi hii inamhitaji mtu atakayebaki." Na huyo ndiye aliyekuwa akiniita binti yake.

Nimehama ile nyumba. Mwalimu mwingine, mama mmoja mpole, amenipokea, nami naendelea na jua hilo hilo. Lakini jana aliponiuliza ninawaza nini, nilimjibu siwazi kitu. Nilikuwa nawaza, Mama. Mimi ambaye ulikuwa ukinigombeza kwa kusema sana.

Nisalimie kaka na mkewe, shangazi wa Izia, na katekista aliyenifundisha kusoma. Baba mpe shikamoo yangu, lakini habari za Tomas usimsomee. Atasema nirudi, na nikirudi sasa, yule mwalimu atakuwa amesema kweli.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Skola