Jiwe la Gurudumu la Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama Mapacha, kama anavyoitwa na wote
Umri: miaka 26
Kazi: mshonaji wa sare za shule
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga
Yameandikwa: Jumapili tarehe 10, saa nne asubuhi, chumba cha upelelezi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaishi na mume wangu, mama mkwe na watoto wetu mapacha wa miezi saba, ambao bado wananyonya. Nimeelezwa na afande kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba usingizi wenyewe sina, nguvu ya kutunga uongo nitaitoa wapi.

Mnamo Ijumaa tarehe 8 asubuhi niliondoka nyumbani kwa pikipiki ya mume wangu, nikiwa na rafiki zangu wawili, kila mmoja na pikipiki yake. Wa kwanza ni fundi wa pikipiki, ambaye pia husafirisha mizigo ya watu. Tunamwita Fundi. Wa pili anafundisha watoto wa chekechea, naye tunamwita Mwalimu. Safari hii waliniahidi nilipokuwa mjamzito, nimelazwa kitandani, siruhusiwi hata kufagia. Fundi aliniambia, "Shoga, wewe zaa salama tu, nitakupandisha mlimani ukayaone mawingu kwa juu." Nilizaa salama, tena wawili. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenisukuma niende. Alisema, "Nenda mwanangu, ukapate hewa. Hawa nitawaweza. Mmoja akilia, namwonyesha mwenzake."

Tulivuka milima, tukalala upande wa pili, na Jumamosi tarehe 9 tukaanza kurudi. Barabara ile ni ya lami lakini nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Kila baada ya muda ilinibidi nisimame nikamue maziwa, maana mama anayenyonyesha akikaa mbali na watoto kifua kinajaa na kuuma kama jipu. Wenzangu walishazoea. Fundi akiona napunguza mwendo alikuwa anapiga honi na kupaza sauti, "Tusimame jamani, ng'ombe wetu kajaa!" Nami nilikuwa namjibu, "Ng'ombe huyu ana pembe, angalia."

Yapata saa tano asubuhi, tukiwa tunapanda kuelekea kileleni, nilitoa ishara ya kusimama. Mwalimu alitangulia kwenye kibanda cha chai kilichoko juu ili atuagizie. Mimi na Fundi tuliegesha upande wa ukuta, nje kabisa ya lami. Mbele yetu, hatua kama thelathini, kulikuwa na pikapu iliyobeba mbao, imeegeshwa upande huo huo, mdomo ukielekea juu. Dereva alikuwa peke yake, boneti iko wazi, anatia maji kwenye rejeta. Tulisalimiana naye vizuri. Chini ya gurudumu la nyuma niliona jiwe lililofungwa kamba ya bluu. Lilinikaa akilini kwa sababu Fundi alicheka, akaninong'oneza, "Ona, breki ya mkono yenye kamba."

Nilipanda kijia mpaka kwenye mwamba ulio juu ya barabara, nyuma ya kichaka, nikajifunika kwa nguo ya kubebea mtoto. Kutoka pale barabara yote ilikuwa imelala mbele yangu kama kitambaa kwenye meza ya kukatia. Fundi alikuwa amechuchumaa anakaza mnyororo wa pikipiki yake, mgongo ameuelekeza kwenye pikapu. Pikipiki ilikuwa imezimwa, iko kwenye stendi.

Nikiwa nakamua, nilimwona dereva akifunga boneti. Hakuingia kwenye gari. Alikwenda nyuma, akashika kamba, akalivuta jiwe. Gari likaanza kurudi nyuma. Hapo dereva akapiga kelele mara mbili, kwa sauti ya mtu anayetoa amri: "Kanyaga! Kanyaga!" Ndani ya gari hakukuwa na mtu.

Nilipiga ukelele, "Fundi, toka!" Chupa ya maziwa ilinitoka mkononi. Fundi aligeuka, akajirusha ukutani, lakini mguu wa kushoto ulichelewa, na pikipiki ikaangukia juu yake. Pikapu iliigonga pikipiki, ikajikwaruza ukutani, ikatulia. Mbao zilimwagika mpaka katikati ya barabara.

Niliteremka mbio, vifungo nikivifunga njiani. Nikiwa bado kwenye kijia nilimwona dereva akiliokota lile jiwe na kulitupa korongoni, kamba ikilifuata. Ndipo akaenda kumtazama Fundi.

Fundi hakulia. Aliniuliza, "Umemaliza kukamua?" Nikamwambia ndiyo. Huo ndio uongo pekee niliousema siku hiyo.

Dereva aliniambia, "Mama, rafiki yako alikuja kasi akanigonga kwa nyuma."

Nikamwambia, "Kaka, mimi nimeona."

Akasema, "Wewe ulikuwa kichakani. Halafu una watoto wachanga, mambo ya polisi utayaweza? Tuseme alikuja kasi, yaishe."

Nikamjibu, "Nimezaa wawili kwa usiku mmoja. Polisi nitawaweza."

Gari la abiria lililokuwa linashuka lilimchukua Fundi kumpeleka hospitali, na Mwalimu, aliyekuwa ameshuka mbio kutoka kibandani aliposikia kishindo, akaandamana naye. Mimi nilibaki. Nilishuka korongoni nikishika mizizi, nikalikuta jiwe si mbali, limenasa kwenye mti kwa kamba yake. Sikuwa na mfuko wa kuliweka, kwa hiyo nililifunga mgongoni kwa nguo ya mtoto, nikapanda pikipiki, nikalileta hapa kituoni jana hiyo hiyo. Askari wa zamu aliniambia, "Mama, mshushe mtoto apumzike." Nikamshushia jiwe juu ya kaunta.

Jana jioni niliambiwa kwamba Fundi ameandikiwa kosa la kuendesha kwa hatari na leseni yake imezuiwa, naye yuko wodini, mguu umefungwa plasta. Leseni hiyo ndiyo jembe lake. Mguu utaunga, ila leseni ikienda ndiyo imekwenda, na nyumbani kwake kuna wadogo zake wawili wanaomtegemea. Nimeambiwa pia dereva ameandikisha kwamba gari lake halijawahi kuwekewa jiwe, na kwamba mimi nisisikilizwe kwa sababu nilikuwa nimevua nguo. Nilikuwa nimefungua vifungo viwili. Macho sikuyafunga. Na kama kulisha watoto ni aibu, basi, afande, sote tuliomo humu tumekuzwa na aibu.

Sina kinyongo na dereva. Hakuna aliyeamka siku ile akipanga kumvunja mtu mguu. Ila hawezi kuchukua kosa lake akamvisha mgonjwa. Ninaomba aulizwe swali moja tu, jiwe likiwa mbele yake: gari lilipoanza kurudi nyuma, alikuwa anamwambia nani akanyage?

Maelezo yangu yanaishia hapa. Ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nimesomewa na kuyakubali, wala sikuwekewa maneno mdomoni na mtu. Kama kuna swali lililobaki niulizwe sasa, maana watoto wamefika na nadhani mnawasikia.

Sahihi ya shahidi: ametia sahihi.

Maoni ya afande aliyeandika: Shahidi alitoka mara moja kunyonyesha watoto walioletwa kituoni na mama mkwe wake. Aliporudi aliulizwa upya, akarudia yale yale bila kupindisha neno. Jiwe moja lenye kamba ya bluu limepokelewa kuwa kielelezo. Saa sita mchana dereva aliulizwa swali la shahidi, jiwe likiwa mezani. Alijibu: "Mdogo wangu. Siku zote yeye hukaa ndani akakanyaga breki, mimi nikavuta jiwe. Jana alikuwa mgonjwa, nilikuja peke yangu. Nikasahau." Kosa lililoandikwa dhidi ya majeruhi limefutwa. Leseni amekabidhiwa shahidi ampelekee rafiki yake wodini. Alisaini kuipokea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na mtoto.