Kombora Linalofika kwa Ratiba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana nina miaka sitini na saba na sijawahi kumbishia mume wangu mbele za watu, naye Seikichi alipostaafu ukondakta wa treni mwaka jana akawa mtu wa kukaa tu akitazama soksi zake, hadi mwezi uliopita alipotoka kuanika figili akaona mstari wa moto unapasua anga juu ya bahari, akaingia mbio, "Mama! Mama, njoo! Ni kombora, lile la kasi mara tano ya sauti, wanalijaribu kwa siri!" na tangu siku hiyo mume wangu amefufuka, kila jioni saa kumi na moja kasoro dakika nane tuko juu ya tuta la bahari na matonge ya wali na chupa ya chai, majirani nao wapo, tunacheka mpaka mbavu zinauma, hata mkono ananishika, jambo ambalo hakulifanya tangu fungate, lakini mshauri, ile ni ndege ya abiria inayomulikwa na jua linalozama mapema majira haya ya baridi, inachukua dakika nne nzima kuvuka anga na kishindo hakuna, mimi nimenyamaza, sasa Seikichi kaandika taarifa kwenye ubao wa matangazo unaopita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu, nami nikagonga muhuri kama tunavyogonga sote kuonyesha tumesoma, kumbe yeye kahesabu mihuri yote kumi na miwili kuwa mashahidi, na Jumapili anauleta ubao huo hapo gazetini kwenu, atachekwa, atarudi kwenye soksi zake, nifanyeje?

Mitsue, mke wa kondakta

Mitsue, nimesoma barua yako nikicheka, na nimekuonea wivu kidogo.

Sasa nikukaripie. Unamwacha mumeo aje kuaibika gazetini ili wewe uendelee kushikwa mkono? Acha hizo, mama. Leo hii mwambie, "Baba, muhuri wangu ni wa kusoma, mimi kombora sijaliona." Atanuna. Mwache anune, mmiminie chai.

Kisha mpandishe tutani na saa yake ya kazini. Mwombe afanye kama makondakta wa treni wafanyavyo, kama alivyofanya kwenye jukwaa la stesheni miaka yote ile: anyooshe kidole, atangaze kwa sauti anachokiona, aandike dakika. Jioni tatu zinatosha. Mtu aliyeishi kwa ratiba hahitaji kuambiwa na mkewe kwamba silaha ya siri haiji kila siku saa kumi na moja kasoro dakika nane. Ataanza mwenyewe kuuliza inatoka wapi, inakwenda wapi, na kwa nini juzi ilichelewa. Hapo amepata kazi mpya, na majirani hawatakosa cha kuchekea. Hawakufuata kombora, waliwafuata nyinyi na matonge yenu.

Siku atakapogundua ni ndege, ataitia saa yake mfukoni. Usithubutu kusema ulijua. Safari hiyo, Mitsue, mshike mkono wewe.