Nilivyomkana Mzee Sanga kwa Kunyamaza

Iringa, Alhamisi, 14 Juni 1956

Nimemkosea Mzee Sanga, tena mbele ya watu.

Leo kwenye mkutano wetu wa walimu wa ufundi aliitwa atuonyeshe anavyounga kenchi ya paa bila msumari hata mmoja. Anaomba kazi ya kufundisha kwenye shule mpya ya ufundi. Alipomaliza, watu wawili wakapanda juu ya ile kenchi, haikulia hata kidogo.

Mwenyekiti akamwuliza, "Cheti huna, mzee. Humu ndani yupo mtu uliyemfundisha?"

Mzee akanitazama. Mimi nikainamia daftari langu.

Kazi hii amenifundisha yeye, kule Chimala, miaka mitatu, nakula ugali wa mkewe. Lakini wenzangu nimewaambia siku zote kwamba nilisomea Dar es Salaam. Nikaona haya.

Naye hakunitaja. "Wako mbali, bwana," akasema.

Kwenye chai wenzangu wakaanza. "Fundi wa porini huyo! Atawafundisha watoto kujenga vihenge vya mahindi!" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo panaponichoma.

Mzee alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Akanisogezea kikombe. "Kunywa, mwanangu, inapoa."

Nikakirudisha kikombe mezani kikiwa kimejaa.

Jumamosi asubuhi mkutanoni wanapiga kura kama watamchukua. Kabla hawajanyoosha mikono nitasimama, niseme mbele yao wote kwamba mwalimu wangu ni huyu, na chuo cha Dar es Salaam sijawahi kukikanyaga. Wakicheka, wacheke.