Sakafu ya Kanisa Uliyoikata

Papa Gaspard,

Wewe tulikupoteza mwezi uliopita. Sakafu ya kanisa nimeipoteza Jumatatu hii, mwanao wa kiume alipoleta dukani kwetu Greyville ile picha ya kanisa uliyoniahidi, imefungwa kwa blanketi.

Niliifungua kwa furaha, halafu nikachukua rula. Ilikuwa na urefu wa sentimita sabini na tisa. Sasa ni sitini na nane. Matao yaliyochongoka yapo, madirisha ya vioo vya rangi yapo, nguzo zipo, ila zinaning'inia hewani. Chini kumekatwa. Ni wewe, Papa. Naujua mkono wako, kisu kinakwenda kushoto kidogo pale mwisho.

Wewe! Fundi wangu uliyenifundisha kazi ya fremu kwa sentensi moja: "Fremu inafuata picha, picha haifuati fremu." Nilipopunguza mchoro wa mteja nusu sentimita tu, uliniondolea kisu siku nzima.

Unakumbuka tukila mkate na maharage dukani chini ya picha hiyo, kabla hujaipeleka kwako? Ulisema wachoraji wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa waliyapenda makanisa marefu namna ile, lakini walijua urefu peke yake hauonekani, ndiyo maana wakaweka vijitu chini. Ukanipa kijiti cha kiberiti nipime: yule mama mwenye kikapu pale sakafuni anaingia mara kumi na nne kwenye urefu wa nguzo. "Huyo ndiye rula yao. Mtoe, kanisa linabaki stoo yenye madirisha."

Umemtoa. Jana nimemkuta Queensburgh, sebuleni kwa binti yako Solange, ndani ya kifremu cha dhahabu, amesimama na kikapu chake, hana hata nguzo ya kuegemea. Eish, Papa. Solange akaniambia, "Niliomba huyu mama tu, dada, sikuomba kanisa. Papa alinipa wakati wa Krismasi." Krismasi! Na Pasaka, ukiwa kitandani, ulinishika mkono ukasema, "Picha yako inakungoja." Nilidhani yote.

Solange amekubali kumleta Jumamosi niunganishe. Ameuliza swali moja tu: ikishaungana, itakaa kwa nani?

Lala salama, Papa. Naahidi mshono nitauacha uonekane, sitakufichia kwa rangi. Lakini jibu ni lako, na nalitaka wazi, hata kwa ndoto: picha ni ya nani? Jumamosi nafunga duka saa saba mchana. Nijibu kabla ya hapo.