Sadhu Anayekaa Hapa

Jumapili, Juni. Johannesburg, baridi kali.

Bado namfikiria yule sadhu, mtawa wa Kihindu. Jirani yangu Ramesh, Mhindu mzaliwa wa Tanga kama mimi, leo alinionyesha kaburi lake katika hekalu lao. Nikashangaa. Si wao huchoma maiti?

“Sadhu hachomwi, bwana. Huzikwa ameketi. Huyu alitangatanga maisha yake yote bila nyumba, sasa anakaa hapa.”

Anakaa! Tulicheka sana.

Jioni nilimwambia mwanangu kwamba nikifa anipeleke Tanga.

“Eish, Baba. Huko nani atakuja kukuzuru?”

Nilitafuta jina, hata moja. Sikulipata.

Sadhu aliacha kwao kwa hiari. Mimi miaka yote nimesema nakaa Joburg kwa muda tu. Kumbe nitakaa.